Riali, Rupia na Shilingi: Fedha Zilizopita Morogoro

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

 

Leo tunaendelea na masomo yetu ya historia. Kabla sijaanza, namwomba mwalimu wa kila darasa aandike ubaoni maneno haya matano: riali, pesa, rupia, hela, shilingi. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha wayaandike katika madaftari yao.

Tazameni maneno mawili kati ya hayo, yaani pesa na hela. Twayatumia kila siku kama kwamba ni neno moja. Mtu husema, “Sina pesa,” na mwenziwe humjibu, “Hata mimi sina hela.” Lakini zamani pesa ilikuwa sarafu moja na hela ilikuwa sarafu nyingine, na aliyetoa pesa moja akarudishiwa hela moja alikuwa amepunjwa. Basi somo letu la leo ni habari ya fedha mbalimbali zilizotumika katika nchi yetu, jinsi zilivyobadilishwa moja kwa nyingine, na nani alipata na nani alipoteza kila zilipobadilika.

KABLA YA SARAFU

Zamani za misafara, njia zilizotoka pwani kwenda bara zilipita karibu na milima ya Uluguru. Upande wa kusini palikuwa na kituo kikubwa cha misafara kilichoitwa Zungomero. Wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, walipita hapo mwaka 1857. Upande wa kaskazini palikuwa na mji wa Simbamwene, ambao ndio asili ya Morogoro ya leo. Stanley alipita hapo mwaka 1871.

Misafara hiyo haikununua chakula kwa sarafu. Ilitoa nguo ya merikani, shanga na waya wa shaba. Nguo ilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka moja, na shuka mbili ni doti moja. Mwenye mtama au kuku alitaka kujua atapewa mikono mingapi.

Mali ya namna hii ilikuwa na taabu zake. Nguo huoza, nayo huliwa na panya. Shanga zilizopendwa mahali pamoja zilikataliwa mahali pengine. Na tena mkono wa mtu mmoja ni mrefu na wa mwingine ni mfupi. Kwa sababu hizi sarafu ilipofika, wengi waliipokea, maana haiozi wala hailiwi na panya. Lakini tutaona kwamba sarafu nayo ina hatari yake.

RIALI NA RUPIA

Huko Unguja na pwani sarafu kubwa ilikuwa riali. Riali iliyojulikana sana ilikuwa na sura ya malkia wa Austria, jina lake Maria Theresa. Malkia huyu alikufa mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa miaka mingi baadaye, nayo ikiandikwa mwaka ule ule wa 1780. Wafanya biashara wa Arabuni, Uhabeshi na pwani yetu waliizoea sura hiyo, nao hawakutaka nyingine.

Pamoja na riali ikaja rupia kutoka India. Wafanya biashara wa Kihindi walikuwa wengi Unguja na Bagamoyo, nao waliweka hesabu zao kwa rupia. Basi watu wakawa na fedha mbili sokoni, wakauliza: riali moja ni rupia ngapi?

Jibu lilipatikana katika mizani. Neno fedha, kwa asili yake, ni jina la madini meupe ambayo mafundi hufanyizia bangili na pete. Riali ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na ndani yake fedha safi ilikuwa gramu 23 na kitu. Rupia ilikuwa na uzito wa gramu 11 na kitu, na fedha safi ndani yake ilipata karibu gramu 11. Ukigawanya, utaona kwamba riali moja ilibeba fedha ya rupia mbili na zaidi kidogo. Na sokoni ndivyo ilivyokuwa: katika hesabu za Unguja riali moja ilikuwa rupia 2 na sehemu moja ya nane.

Mwaka 1882 Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitoa sarafu zake mwenyewe. Pesa yake ya shaba ilikuwa na picha ya mizani. Pesa 136 zilifanya riali moja, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Gawanyeni 136 kwa 64 nanyi mtapata 2 na sehemu moja ya nane, hesabu ile ile niliyoitaja.

Neno jingine la siku zile ni thumuni, maana yake sehemu moja ya nane. Katika nyakati za shilingi watu walihesabu riali kuwa shilingi 4, kwa hiyo thumuni ikawa senti 50. Riali iliondoka sokoni, lakini thumuni ikabaki midomoni mwa watu.

FEDHA MBILI ZINAACHANA

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo pana jambo kubwa. Maadamu riali na rupia zote zilipimwa kwa fedha iliyomo, zilikwenda pamoja kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja. Lakini katika miaka iliyofuata 1873 bei ya madini ya fedha ilianza kushuka duniani. Machimbo mapya yalitoa fedha nyingi sana, hasa Marekani, na nchi za Ulaya zilikuwa zikiacha sarafu za fedha na kushika dhahabu. Kitu kikiwa kingi na watakao wakiwa wachache, bei hushuka. Ninyi mnaouza ndizi mnalijua jambo hili kuliko mimi.

Mwaka 1893 Serikali ya India ikafanya shauri jipya. Hapo kwanza mtu yeyote aliweza kupeleka madini yake ya fedha kiwandani akapigiwa rupia. Serikali ikaukataza mpango huo. Ilitaka rupia ziwe chache, ili thamani yake isishuke pamoja na bei ya fedha. Mwisho wa karne ile rupia ilikuwa imesimama katika thamani ya shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza.

Lakini riali haikuwa na serikali ya kuishika. Thamani yake ilibaki ile ya madini yaliyomo tu, nayo ilizidi kushuka. Basi riali moja haikupata tena rupia mbili. Tuchukue mfano. Mzee mmoja amefukia riali 20 chini ya nyumba yake mwaka 1885. Siku ile zilikuwa na thamani ya rupia 42 na nusu. Mwaka 1900 mwanawe anazifukua. Anazihesabu, ni 20 vile vile, hakuna aliyeiba hata moja. Anakwenda pwani kuzibadili, naye hapati hata rupia 40. Wahenga walisema akiba haiozi. Mzee huyu wa mfano wetu hakuibiwa, wala sarafu zake hazikuliwa na kutu, lakini akiba yake ilipungua.

RUPIA YA WADACHI

Wadachi walipoitawala nchi yetu waliikuta rupia imekwisha kuzoewa, hasa pwani. Hawakuleta mark yao ya Ujerumani itumike hapa. Kampuni yao ya Afrika ya Mashariki ilipiga rupia yenye sura ya Mfalme wao, Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma. Lakini uzito wake na fedha yake ilikuwa sawasawa na rupia ya India. Pesa zao za shaba, zilizoanza mwaka 1890, zilikuwa na maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Pesa 64 zilifanya rupia moja, kama ilivyokuwa desturi.

Mwaka 1904 Serikali ya Ujerumani yenyewe ilishika kazi ya sarafu. Ikaweka sheria kwamba rupia 15 ni sawa na mark 20. Tena ikaondoa hesabu ya pesa 64, ikaleta hela: hela 100 ni rupia moja.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni:
Pesa 64 = hela 100 = rupia 1
Pesa 32 = hela 50
Pesa 16 = hela 25

Sasa, pesa moja ni hela ngapi? Ni hela moja na nusu na kidogo zaidi. Na ule udogo uliobaki haukuwa na sarafu yake. Kwa hiyo aliyeleta pesa 16 pamoja aliweza kupata haki yake kamili, hela 25. Lakini aliyebadili pesa moja moja, akipewa kila mara hela moja na nusu, alipata hela 24 tu. Na kama hakujua hesabu, akakubali hela moja kwa pesa moja, alipata hela 16 na kupoteza 9. Mwenye kupoteza hapo si tajiri mwenye rupia mia mkononi, bali ni yule mwenye sarafu ndogo ndogo.

Nao watu wa Uluguru hawakuweza kukaa mbali na sarafu hizi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na nyumba ya kawaida ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni watu waliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini baadaye Serikali ilidai sarafu. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Kazi ya reli na ya mashamba ya mkonge ililipwa kwa rupia, na rupia hizo zikarudi Serikalini kwa njia ya kodi. Hivyo sarafu iliingia hata katika nyumba za milimani ambako hakuna aliyeiita.

VITA NA NOTI ZA KARATASI

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914. Manowari za Waingereza zilizuia bahari, na sarafu mpya hazikuweza kuletwa kutoka Ujerumani. Rupia za fedha zikaanza kupotea sokoni. Zilikwenda wapi? Zilifichwa. Mtu mwenye rupia ya fedha na noti ya karatasi, katika wakati wa hatari, hutoa karatasi na kuficha fedha.

Wadachi wakachapa noti za muda hapa hapa nchini. Kadiri vita ilivyoendelea noti hizo zilizidi kuwa duni, na za mwisho, za mwaka 1917, zilifanywa porini kwa mihuri ya mpira. Tabora, katika karakana ya reli, mwaka 1916 walipiga sarafu za shaba za hela 5 na hela 20. Walipiga pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke.

Jeshi la Waingereza liliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Wadachi walikuwa wamekwisha kuondoka kwa kupita kando ya milima ya Uluguru kuelekea Kisaki. Basi fikirini mtu aliyewauzia mchele au mbuzi akalipwa kwa noti zile. Karatasi ilikuwa na ahadi juu yake, na Serikali iliyotoa ahadi ilikuwa imekwenda zake. Lakini aliyekuwa na rupia ya fedha alikuwa bado na kitu, maana hata ikikataliwa kuwa sarafu, sonara ataipokea kwa uzito.

RUPIA INAPANDA, SHILINGI INAKUJA

Pamoja na Waingereza ikaja rupia ya India yenyewe. Tangu zamani kidogo, rupia 15 zilifanya paundi moja. Hesabu yake ni hii. Peni 12 ni shilingi moja, na shilingi 20 ni paundi moja, basi paundi ni peni 240. Rupia ni shilingi 1 na peni 4, yaani peni 16. Mara 15 ni peni 240.

Lakini wakati wa vita bei ya madini ya fedha ilipanda sana, na rupia ikapanda pamoja nayo. Mwisho wa mwaka 1919 thamani yake ilikuwa imepita shilingi 2. Mwaka 1920 Waingereza waliamua kwamba katika nchi zao za Afrika ya Mashariki rupia ihesabiwe shilingi 2 kamili. Wakatoa florini badala ya rupia, nayo haikudumu. Kuanzia mwaka 1921 florini iliondolewa, ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki, na shilingi 2 zikahesabiwa kwa rupia moja.

Nani alipata na nani alipoteza? Tuchukue mkulima wa Kizungu wa Kenya mwenye deni la rupia 1,500 benki. Zamani deni hilo lilikuwa paundi 100. Sasa rupia 10 zilifanya paundi, basi deni likawa paundi 150. Yeye aliuza kahawa na mkonge wake Ulaya kwa paundi, naye alidaiwa zaidi bila kukopa zaidi. Benki ilipata paundi 50 kwa kukaa kitako.

Na mfanya kazi je? Tuseme mshahara wake ulikuwa rupia 6 kwa mwezi. Zamani rupia 6 zilikuwa shilingi 8 za Kiingereza. Sasa zikawa shilingi 12. Waajiri wa Kenya walilia kwamba mshahara umepanda kwa nusu, na mwaka 1921 walikata mishahara kwa theluthi moja. Ondoeni theluthi moja katika shilingi 12, zinabaki 8. Kwa kalamu ya tajiri mambo yamerudi palepale. Lakini mfanya kazi hakununua unga wake kwa kalamu. Yeye alikuwa akipokea rupia 6, na sasa alipokea sawa na rupia 4. Bei za nguo zilikuwa zimepanda kwa ajili ya vita, na kodi ilikuwa imepandishwa vile vile. Jambo hili lilikuwa mojawapo ya yale yaliyomfanya Harry Thuku na wenzake waanzishe chama chao Nairobi mwaka ule ule. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika kudai afunguliwe walipigwa risasi. Mnaona basi kwamba hesabu za rupia na shilingi zilimwaga damu.

Kulikuwa na jambo jingine. Bei ya madini ya fedha ilishuka tena upesi, na mwaka 1921 huko India rupia ilirudi karibu na shilingi 1 na peni 4. Afrika ya Mashariki ilikuwa bado shilingi 2. Mtu aliyenunua rupia Bombay na kuzileta Mombasa alipata faida ya peni 8 kwa kila rupia bila kulima wala kuchunga. Kwa sababu hiyo Serikali ya Kenya mwanzo wa mwaka 1921 ilikataza rupia zisiingizwe. Katika mabadiliko ya namna hii aliye karibu na simu na benki hupata habari kwanza. Aliye mlimani, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka mjini, huzipata za mwisho.

RUPIA NG'AMBO YA BAHARI

Msidhani kwamba mambo haya yalitupata sisi tu. Nchi za Ghuba ya Uajemi na pwani ya Oman nazo zilitumia rupia ya India kwa miaka mingi, na katika bara ya Oman watu walishika riali ya Maria Theresa. Mwaka 1959 India ilitoa rupia ya namna ya pekee kwa ajili ya nchi za Ghuba. Tarehe 6 Juni 1966 India ilipunguza thamani ya rupia. Kabla ya siku ile rupia 13 na theluthi moja zilifanya paundi. Baada yake zilitakiwa rupia 21. Kuwait na Bahrain zilikuwa zimekwisha kutoa fedha zao wenyewe, na wengine wakaiacha rupia baada ya pigo hilo. Oman ilitoa riali yake mwaka 1970, na riali moja ilibadilishwa kwa rupia 21.

Katika mwezi ule ule wa Juni 1966, tarehe 14, Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi na shilingi ya Tanzania ikatolewa, shilingi moja kwa shilingi moja ya zamani. Safari hii mwenye senti chache hakutakiwa kujua kugawanya wala kuzidisha ili apate haki yake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, fedha nayo ina bei, kama mpunga na maharage. Pili, fedha inapobadilishwa, mwenye kiasi kidogo na mwenye habari kidogo ndiye aliye katika hatari zaidi. Tatu, kisomo ni ulinzi. Anayejua kusoma tangazo lililobandikwa ukutani, na anayejua kugawanya 64 kwa 4, hawezi kudanganywa upesi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA DARASA

1. Mwanamke mmoja ana pesa 48 za zamani. Kwa haki atapata hela ngapi?
2. Mtu ana deni la rupia 45. Ni paundi ngapi ikiwa rupia 15 hufanya paundi moja? Ni ngapi ikiwa rupia 10 hufanya paundi moja?
3. Kwa nini watu walificha rupia za fedha wakatoa noti wakati wa vita?
4. Zungumzeni: Katika kijiji chenu wazee walikuwa wakiweka akiba kwa namna gani? Mbuzi, mpunga, mashamba, au sarafu? Kila namna ina faida gani na hasara gani?

Majibu ya hesabu ni haya. Msiyatazame kabla ya kujaribu wenyewe. La kwanza ni hela 75. La pili ni paundi 3, kisha paundi 4 na nusu.

Ikiwa darasani yumo mtu mwenye rupia ya zamani au hela yenye tundu iliyorithiwa nyumbani, na ailete wenzake waitazame na kusoma mwaka ulioandikwa. Kisha arudi nayo kwake salama.

Hapa ndipo mwisho wa somo letu la leo. Kwaherini, mabibi na mabwana, mpaka tutakapokutana tena katika somo lijalo.